Nani Atarudi Golini

Mjukuu wangu Imran,

Hapa Miembeni, Bukoba, hatujambo. Bibi yako amemaliza kuvuna kahawa ya shamba lake la Kibeta, na duka bado nafungua, ingawa Wahindi tuliobaki mjini ni wachache.

Umeniuliza, mashabiki wa huko ng'ambo wakikuita nyani tena, utoke uwanjani au uendelee kudaka? Tangu nisome swali lako silali vizuri. Naogopa, maana hata mimi nilikuwa golikipa.

Ujanani tulikwenda kucheza mpira kijijini Kimwani. Watu waliosimama nyuma ya goli langu wakaanza: Mhindi, rudi kwenu. Nami nimezaliwa hapahapa Bukoba. Sikuthubutu kugeuka, nikawa nangoja jiwe.

Beki wetu, Byabato, Mhaya kama wao, aliacha nafasi yake akaja golini. Alitoa mfukoni punje kavu za kahawa ya kutafuna, akatafuna kwanza yeye, kisha akanipa na mimi, kama Wahaya wanavyompokea mgeni nyumbani. Wale watu walielewa kwamba sasa nina mwenyeji, na kunitukana mimi ni kumtukana yeye. Wengine walinyamaza, wengine waliendelea. Jiwe halikuja, lakini hofu haikuniisha mpaka tulipofika mjini.

Kama utoke au ubaki, kwa kweli sijui. Najua tu kwamba peke yangu nisingeweza kutoka wala kubaki.

Jumapili nitawasha televisheni. Mpira watautazama wengine. Mimi nitawatazama mabeki wako, nione nani atarudi golini.

Babu yako