Ushuhuda Juu ya Unga wa Chokaa

Likasi, 3 Machi 2025

Binti yangu mheshimiwa Émérence,

Kabla ya yote, naomba kujua hali ya afya yako huko Lubumbashi. Sisi hapa tunapumua vema, isipokuwa goti la mama yako.

Baada ya salamu hizo, nina heshima ya kukuarifu jambo kubwa. Maabara ya Serikali, niliyoitumikia miaka ishirini na sita, imekubali kwamba unga wetu wa chokaa, usafishao maji machafu ya kuoshea madini, utoke kabatini uingie sokoni. Kampuni itazaliwa na maabara, na jina langu, mimi nisiye na diploma, litaandikwa miongoni mwa waanzilishi! Jumapili nitamshukuru Mungu kwa ushuhuda kanisani.

Papa yako, Augustin

Lubumbashi, 7 Machi

Papa yangu,

Goti la mama likoje? Barua yako nimeisoma mbele ya ofisi nzima, nikicheza! Lakini tafadhali, usitaje namna ya kutengeneza unga kabla maabara haijapata hati ya kuulinda. Kikishasemwa hadharani, hakilindwi tena. Ninakujua, Papa: ukipewa micro ya kupazia sauti, utataja hata uzito.

Mutoto wako, Émérence

Likasi, 10 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika leo. Ushuhuda ulitolewa jana. Nilitaja mawe ya chokaa ya Kakontwe, saa za moto na, naam, uzito. Waumini mia tatu waliitika «Amina!» Mama Georgette, aoshaye madini Kamatanda, aliandika yote pembeni mwa Biblia yake. Mkurugenzi wa maabara ameniambia: «Papa Augustin, siri imekwisha, kampuni imekufa.» Jina langu limefutwa.

Papa yako

Lubumbashi, 2 Aprili

Papa,

Barua mbili hujazijibu. Mama anasema hata bukari ya jioni unaiacha sahanini. Andika, hata mstari mmoja.

Mutoto wako

Likasi, 15 Aprili

Émérence!

Tu wazima sote. Mama Georgette amefika langoni mwa maabara na wanawake kumi na wawili. Walichoma mawe, wakapima, wakamwaga maji, wakapata mabonge matupu! Akapaza sauti: «Papa Augustin, weye ulituachia maneno, mukono ukaenda nao! Miye sitaki tena kupika mawe, nataka kununua unga ya kwako!»

Mkurugenzi akaniuliza nilificha nini. Sikuficha neno. Mimi humwaga maji juu ya jiwe lililochomwa, nalisikiliza likilia hadi libadili sauti, kisha huacha; sikujua kwamba sikio langu ni sehemu ya utafiti. Akacheka hadi akavua miwani: «Hilo halipiti kwenye micro!»

Kampuni imefufuka. Maabara inaipa tanuru na haki ya kutumia utafiti wake. Mimi ninafundisha watu sita kusikiliza, na wa kwanza ni Mama Georgette. Jina langu limerudishwa, tena kwa wino.

Ningependa kuhitimisha kwa adabu inayostahili, lakini jiwe limeanza kulia.

Papa