Ini Langu na Chai ya Sosiot

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimepimwa damu! Kiwanda chetu cha chai kimeamua makarani wote wapimwe, na mimi, ninayeogopa hata stepla, nikajikuta wa kwanza kwenye laini. Majibu: mafuta ya damu yamepanda kidogo. Daktari Mosoti wa zahanati yetu akasema nipunguze mafuta, nirudi katikati ya Julai. Akaita mwingine.

Kidogo! Miaka ishirini na minne, na damu yangu tayari ni supu.

Nimeapa. Nyama basi. Mayai, chapati, mafuta ya kopo – basi. Hata mursik, maziwa ya kibuyu ya mama, kwa sababu ya malai. Harusi ni Desemba. Sitaki Chepchirchir awe mjane kabla ya keki.

Jumatano, 12 Juni

Kuacha mafuta ni rahisi kuliko nilivyodhani! Asubuhi mkate mweupe na jemu. Saa nne strungi. Mchana mlima wa ugali, kabeji ya kuchemsha, soda ya kuteremshia. Jerusa wa kantini ananihurumia. Chai bila maziwa ni adhabu, karani, anasema, lete kikombe nikuongezee sukari. Anaongeza. Vijiko vinne, wakati mwingine vitano. Chai ya kiwanda ni ya bure na mimi ni mtu wa shukrani.

Jioni njaa inauma. Biskuti.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwisha.

Kolesteroli imeshuka, ndiyo. Lakini kuna mafuta mengine ya damu, yenye jina refu kama treni – traiglisaraidi – na hayo yamepanda mara mbili. Mosoti akanilaza, akabonyeza chini ya mbavu. Ini limevimba kidogo. Akauliza kwa upole wa kutisha: unakunywa pombe kiasi gani?

Mimi! Kanisani kwetu hata Meza ya Bwana ni juisi.

Basi taja unachokula, akasema. Nikataja kwa fahari. Nilipofika kwa sukari ya Jerusa akaweka kalamu chini.

"Isaiah, umefukuza ng'ombe kwenye mahindi, ukaingiza mbuzi."

Ini, anasema, halitupi kitu. Sukari na wanga vikizidi, linavigeuza kuwa mafuta. Mengine linayamwaga kwenye damu, mengine linajiwekea lenyewe. Kwa hiyo sukari basi, soda basi. Ugali kiasi cha ngumi, sukuma wiki kwa wingi. Na mafuta mazuri niyarudishe: parachichi, njugu, samaki. Mapema hivi ini hupona, akasema, usilie.

Nilikuwa sijalia. Karibu.

Alhamisi, 18 Julai

Kosa langu: nimemwambia Ojwang, tunayekaa naye meza moja ofisini. Ana moyo mzuri – kesho yake tu aliniletea samaki wa kwao. Ila mdomo wake ni spika ya mnada. Leo kantini nzima imesikia: "Wazee, ini ya mlokole imefura! Karani, chang'aa unaficha wapi, ndani ya Biblia?"

Watu wakacheka. Nikacheka pia. Halafu nikaona nani yuko meza ya madereva: Kipkemoi wa lori la majani. Kaka yake Chepchirchir.

Yeye hakucheka.

Jumapili, 21 Julai

Chepchirchir alinisubiri nje ya kanisa. Habari imefika kwao Sosiot. Baba yake ni mzee wa kanisa, na babu yake alikufa kwa pombe. Binti haozwi kwa mlevi, amesema. Niende Jumamosi nikaonwe.

Nikamuuliza: wewe unaamini?

"Ningeamini ningekuja kukungoja?" Halafu akatazama viatu. "Lakini Baba ana kipimo chake. Anasema mlevi humpati akipenda sukari. Atakuwekea chai."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi.

Jumamosi, 27 Julai, Sosiot

Naandika juu ya goti, sebuleni kwao, peke yangu. Mikono inataka kazi.

Mzee alinipokea vizuri. Maombi marefu. Kisha kikombe – kile kikubwa cha wageni! – na sukari akaweka mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Sita.

"Kunywa, kijana. Tukuone."

Nikakishika. Mara kelele nje: ng'ombe anazaa vibaya! Wote mbio. Mzee akageuka mlangoni: "Nikirudi, kikombe kiwe kitupu."

Kikombe kimoja hakiui. Najua. Lakini nikinywa leo ndivyo nitakavyowekewa kila nikija, maisha yote – mkwe wa vijiko sita. Nisipokunywa, ni mlevi. Dirisha liko wazi, na chini yake kuna maua. Nimelitazama mara mbili. Aibu.

Chepchirchir ameingia kuchukua kamba. Ameona kikombe, ameniona mimi. Amekunywa nusu, amesimama vilevile, akapangusa mdomo.

"Nusu nimekusaidia. Hiyo nyingine ni wewe na ulimi wako. Baba anachukia pombe, lakini uongo zaidi." Akatoka na kamba.

Nje wanashangilia. Ndama yuko hai, basi. Nasikia mzee akikung'uta gambuti ukutani. Nimeweka kikombe katikati ya meza, atakapokiona vizuri. Nimejaribu sauti mara moja: "Baba, ini langu ni kweli linaumwa, lakini –"

Nimesikika kama mlevi kabisa. Najaribu tena.