Marehemu Anasubiri Simu

Bronwen we! Gazeti limemuua mzee Hathersage, huyu muigizaji ninayemvalisha! Eti amefariki, na mtu nimemwacha hapo mezani anakunywa chai!

Anakunywa chai, shoga!

Unajua kilichomkera? "Miaka hamsini jukwaani wamenipa mistari miwili! Lile tangazo la chakula cha mbwa nililoigiza, aya nzima!"

Nikamwambia, "Mzee, tuwapigie wasahihishe."

"Ngoja kwanza," akasema. "Nisikie nani atapiga kunililia."

Basi tangu asubuhi anaikodolea macho simu yake. Ameshaniuliza mara tatu kama ina chaji.

Haijalia. Haijalia hata mara moja!

Nimejifungia chooni nakuandikia. Namba yake unayo. Mpigie sasa hivi, na nakuomba, ulie.