Msimtoe Mpaka Nirudi

Baba yangu mpendwa,

Habari za huko sikuulizi, maana hata ukinijibu sitasikia. Nakuandikia kuhusu mgeni wako. Yule wa kitabu, yule uliyetuambia tusimtoe gerezani mpaka urudi. Kuna jambo limetokea hapa kwangu Komarock Jumapili iliyopita, na nimeona afadhali ulisikie kutoka kwangu mimi kabla Wafula hajaenda kusimama kaburini kwako Krismasi na kulitia chumvi. Unamjua mwanao.

Kitabu chenyewe hujakisahau. Chembamba, jalada limeshikwa na selotepu, picha zimechorwa kwa wino mweusi. Ulipewa na mwenzako wa karakana ya reli ambaye watoto wake walikuwa wamekua. Ilikuwa hadithi ya maisha ya kiongozi aliyepambana na serikali ya kibaguzi, imeandikwa kwa ajili ya watoto, maneno machache na herufi kubwa. Jina lake dunia nzima ililijua, na sisi pia tulilijua, lakini wewe nyumbani hukulitaja hata siku moja. Ulimwita "mgeni wetu".

Kila Jumamosi jioni, ukishaoga na kuvaa ile sweta ya kijivu, uliketi mlangoni pa nyumba yetu ya reli pale Makongeni, mimi mkono wa kulia, Wafula wa kushoto. Kitabu hatukuruhusiwa kukigusa kwa sababu kurasa zilikuwa zinachomoka. Ulisoma kidogo tu, ukurasa mmoja au miwili, kisha ukafunga. Kikiisha, Jumamosi inayofuata tulianza upya, na hakuna aliyelalamika.

Na kile kikombe, jamani! Mama alikuwa na vikombe vyake vya wageni, vyenye maua mekundu, kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Sisi kuvigusa ilikuwa kutafuta kichapo. Lakini kila Jumamosi ulinyanyuka, ukafungua kabati bila kuomba ruhusa, ukachukua kimoja, ukakiweka kwenye kiti kitupu mbele yetu na kumimina chai ya maziwa mpaka juu.

"Baba Wafula, hicho ni kikombe cha wageni," Mama alisema.

"Na huyu ni nani?"

"Mgeni wa karatasi hanywi chai!"

"Atakunywa akitoka."

Mama alisonya, lakini nilimwona. Alikuwa akitia tangawizi zaidi siku za Jumamosi.

Mama Njeri wa nyumba ya pili, yule muuza mboga kutoka Murang'a, alikuja kuomba chumvi kila Jumamosi, chumvi gani hiyo isiyovuka wiki. Alisimama na kisahani chake mkononi mpaka hadithi iishe. Ulipofika kwa askari wa gereza alishindwa kujizuia. "Na huyo askari, ana mama kweli? Hebu niambie, Baba Wafula, huyo amenyonya?" Ulimjibu kwamba amenyonya, tena pengine ana watoto anaowasomea vitabu jioni. Mama Njeri alikataa katakata. Alisema mtu kama huyo hawezi kusoma chochote.

Kuna ukurasa mmoja ambao uliusoma polepole kuliko yote. Ule wa benchi na milango, ambapo weupe wana mlango wao na weusi wana wao. Siku moja uliweka kidole juu ya ile picha ukasema, "Babu yenu alibeba vyuma vya reli hii kwa bega. Na pale stesheni alikuwa na mlango wake. Wa nyuma."

Wafula akauliza, "Na alipita?"

"Alipita. Alikuwa na watoto."

Kidole kilibaki juu ya picha mpaka Mama Njeri akasema taratibu, "Endelea, Baba Wafula." Ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya utoto, kwa nini mgeni alipewa kikombe kizuri. Ilikuwa pia chai ya babu.

Lakini Baba, mwisho! Hakuna aliyejua kumtoa mtu gerezani kama wewe. Siku ya kumtoa ulivaa shati safi. Mlango wa gereza ulifunguka kwa mlio ulioufanya kwa koo lako, Wafula akijiziba masikio. Mgeni akatoka. Wakubwa wakamletea gari refu jeusi, akalikataa. Akauliza, "Samahani, njia ya Makongeni ni ipi?" Akapanda treni, akashuka stesheni ya Makadara, akasalimia mafundi mmoja mmoja, akapita kwa Mama Njeri akanunua sukuma wiki kwa sababu hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Hapo Mama Njeri alipiga makofi, kila mara, utadhani ndiyo mara ya kwanza kusikia. Kisha ulishusha sauti. "Amefika mlangoni. Anasema: Hodi!" Na sote, pamoja na Mama aliyejifanya yuko na sufuria, tulipiga kelele: "Karibuuu!" Ulikitazama kile kiti kitupu, ukasema kwa heshima, "Kaa, mzee. Umechoka." Chai ilikuwa imeshapoa. Aliyeuliza swali zuri ndiye aliyeinywa kwa niaba yake, na mara nyingi nilikuwa mimi, maana ulisema mdomo wangu hauna breki.

Jumamosi ile ya mwisho mgeni alikuwa anavunja mawe gerezani. Ulisoma ukiwa umeshika tumbo, ukafunga kitabu mapema. Ulikuwa uende hospitali kupasuliwa siku iliyofuata. Mama alikuwa amekufungia vitu vyako kwenye mfuko: sabuni, taulo, kandambili. Ulinipa kitabu, mara ya kwanza kukishika kwa mikono yangu yote miwili, ukaniita kama ulivyoniita daima, Mayi, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako.

"Mayi, kiweke pamoja na kikombe. Msimtoe mpaka nirudi. Nataka kumpokea mwenyewe."

Nilikiweka. Hukurudi.

Walikupeleka nyumbani magharibi, wakakuzika karibu na migomba, na watu waliongea mengi mazuri ambayo sikuyasikia. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Kama hatutaufungua ule ukurasa, basi bado una jambo la kukurudisha. Baba anayetakiwa kumpokea mgeni hawezi kukosa kuja. Nilimwambia Wafula, naye kwa ukubwa wake wote akakubali. Tuliapa.

Sasa cheka kidogo. Shuleni mwalimu aliuliza nani anamjua yule kiongozi. Mimi huyo, mkono juu, nusura nianguke kwenye dawati. Nilieleza benchi, milango, mawe. Mwalimu akafurahi. Akauliza, "Na sasa yuko wapi?" Nikajibu, "Yuko ndani." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanieleza vizuri tu kwamba alitoka zamani, hata akaiongoza nchi yake. Nikakataa. Akasema ni historia, kila mtu anajua. Nikasimama kabisa: "Hawezi kuwa ametoka, mwalimu. Baba hajarudi." Kicheko kikakatika. Mwalimu aliniambia nikae, na siku hiyo hakuniuliza kitu kingine.

Nyumba ya reli tulihama, kwa kuwa ilikuwa ya kazi yako na kazi haikuwapo tena. Mama alirudi nyumbani na kabati lake. Mimi nilikua, nikaolewa, nikapata kazi ya ofisi. Na kila mahali Baba, kila mahali, huyu mgeni wako ananifuata! Vitabu vya watoto kumhusu vimejaa kwenye vibanda vya mjini, vya rangi, vya karatasi inayong'aa, vingine vina picha za kubandika. Nimenunua vingi. Na vinaniudhi kweli kweli. Wanamtoa haraka mno! Ukurasa huu ameingia ana nywele nyeusi, ukurasa unaofuata ana mvi na anapungia watu mkono. Hakuna mtu anayengoja. Hakuna chai. Nikiwa namsomea Nafula, mjukuu wako ambaye hukumwona, nikifika kwenye mawe nafunga kitabu na kusema, "Twende tukale."

Nilidhani haoni. Wee! Yuko gredi ya nne na ana mdomo ule ule usio na breki. Likizo iliyopita alikuwa kwa bibi yake, akarudi na mfuko. Ndani kulikuwa na kitabu chako. Na kikombe, kimefungwa kwa kile kitambaa cha kufuma.

Nilimpigia Mama simu palepale. "Mama, umempa mtoto kitabu cha Baba?"

"Nimempa."

"Lakini Baba alisema..."

"Najua alichosema, nilikuwepo. Mwanangu, msomee mtoto. Mimi nimechoka kumtunzia kikombe mtu asiyetoka."

Halafu akaanza kunieleza habari za ng'ombe wake, nami nikamwacha aeleze.

Jumapili tulitoka kanisani, tukala. Nafula akaweka kiti mlangoni bila kuambiwa. Sijui bibi yake alimsimulia nini huko. Akaweka kikombe juu yake, akamimina chai, ikamwagika kidogo. Kisha akaniletea kitabu. Nikasoma. Benchi, milango, kesi, meli, mawe. Nikafika pale ulipofunga. Vidole vyangu vikaanza kufunga vyenyewe.

"Mama," Nafula akasema, "kwani amekukosea nini?"

"Nani?"

"Huyu. Kila kitabu unamwacha ndani. Mimi nilishamtoa zamani, nilisoma mwenyewe shuleni. Lakini kwako hatoki. Namwonea huruma."

Nilimtazama, Baba, ana paji lako la uso, limekunjamana hivi likingoja. Nikafungua ukurasa.

Unajua nilichokikuta? Wewe unajua, mzee mjanja. Ukurasa mmoja. Picha ndogo ya mlango. Na chini yake: siku moja mlango ulifunguliwa, akatoka, watu wakafurahi sana. Basi. Hakuna gari jeusi. Hakuna treni wala Makadara wala sukuma wiki. Nikageuza nione kama kuna karatasi imechomoka. Hakuna, ni jalada. Miaka yote ile nilikuwa nalinda maneno machache ambayo hata Mama Njeri asingeyapigia makofi, na yale niliyoyapenda hayakuwa kitabuni hata kidogo. Yalikuwa kwako.

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Nilitaka kukupigia kelele. Umeondoka nayo! Halafu nikasikia mlio wa mlango wa gereza ukitoka kooni mwangu. Mbaya sana, kama mbuzi anayekabwa, na Nafula akajiziba masikio. Nikaendelea. Akatoka. Akaletewa gari, akalikataa. Akauliza njia ya Makongeni, na Nafula akasema, "Mama, sisi tuko Komarock," nikamwambia anyamaze, mgeni hajui kama tulihama, itabidi apite kule kwanza aulize. Akapita. Akamkuta Mama Njeri kwenye meza yake, akanunua mboga, akaelekezwa. Kila neno lilikuwepo, Baba. Sijui lilikaa wapi.

Nikashusha sauti. "Amefika mlangoni. Anasema: Hodi."

"Karibuuu!" Nafula alipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Ilikuwa zamu yangu. Nilikigeukia kiti. Chai ilikuwa imeshapoa, utando wa maziwa umeganda juu. Nilijua vizuri kabisa ninachotakiwa kusema, nimekisikia Jumamosi nyingi. Lakini mdomo ukasema wenyewe:

"Kaa, Baba. Umechoka."

Nafula alinikumbusha polepole, "Ni mzee, Mama. Kaa, mzee." Alikuwa amefundishwa vizuri. Nilimwambia najua. Akaniangalia nikilia, akangoja, na nilipokuwa bado nalia akainua kile kikombe cha maua kwa mikono miwili, akainywa chai yote, utando na yote, kwa sababu alikuwa ameuliza swali zuri.

Basi ndiyo hayo. Nimemtoa kabla hujarudi. Nilingoja, Mungu shahidi yangu, nilingoja mpaka nikawa na mtoto aliyechoka kungoja pamoja nami. Bado nakutaka. Bado nikisikia treni mahali fulani nasimama, hata nikiwa na watu, hata nikiwa kazini, nikidhani labda. Lakini mlango uko wazi sasa, na si kazi yako tena kuja kuufungua. Jumamosi tunaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Nafula ameshaamua kwamba safari hii mgeni atashuka kwa bibi kwanza, amsalimie, ndipo aje huku. Kiti kitakuwepo, na chai itakuwa na tangawizi.

Pumzika, Baba.

Mayi wako