Makofi kwa kuzuia anwani yetu wenyewe

Mwenzangu, leo nimepigiwa makofi. Ofisi nzima.

Si unamkumbuka yule mtu anayebahatisha nywila za wagonjwa kwenye mfumo wetu wa majibu ya vipimo? Jana bosi akaniambia nitafute anwani yake ya IP, ile ya kifaa chake mtandaoni, nimzuie. Nikaandika mistari michache ya programu kwa Java, ikaniletea anwani ile ile kila mara. Nikaizuia, nikaenda zangu.

Asubuhi kwenye kikao bosi anasema, "Mfumo umetulia, hata jaribio moja hakuna." Ndiyo hayo makofi.

Hapo hapo mama akapiga. "Mwanangu, mbona majibu yangu hayafunguki? Hata ya jirani hayafunguki."

Nikaisoma tena programu yangu. Kila anayeingia kwetu hupokewa kwanza na seva ya mbele, na mimi nimesoma anwani ya hiyo seva. Anwani ya mtu mwenyewe huambatishwa pembeni, sikuitazama. Nimemfungia kila mtu nje.

Nikamwambia bosi. Akasema, "Na makofi tumeshapiga."

Nimerekebisha, nimefungua. Wa kwanza kubisha hodi ni yule yule mwizi wa nywila, kabla hata ya mama.