Ziwa Nililosimuliwa

Mjukuu wangu Zulfa,

Salamu zikufikie huko Mwanza. Sisi ni wazima. Shangazi yako amepata cherehani mpya, na mtaa wetu wote wa Biryogo unaisikia tangu alfajiri.

Umeniuliza Ziwa Kivu lilionekanaje kutoka kwenye ile njia ya zamani ya milimani, ambayo siku hizi watalii wanakuja kuitembea. Niliipita mara moja tu, nikiwa kijana, asubuhi ya ukungu mzito, mimi na baba tukipeleka vitambaa sokoni. Tukakutana na wanaume wamembeba mama mmoja mgonjwa kwenye ingobyi, machela yetu ya kusukwa. Ukikutana na ingobyi huulizi kitu. Unaweka mzigo wako chini, unaingiza bega. Tukageuka, tukarudi tulikotoka.

Anayebeba hatazami pembeni. Mimi niliona visigino vya baba. Aliyetazama ni yule mama.

"Leo ziwa limetulia," alisema. "Kuna mtumbwi mmoja, hausogei."

Kwenye kilima kilichofuata wengine wakatupokea. Kama alipona, sijui. Vitambaa tulivikuta palepale, ukungu umesharudi.

Kwa hiyo nikikuambia ziwa lilikuwa limetulia, ni yeye anayekuambia.

Babu yako