Nilimfungua Mrusi Bila Hodi

Bi Kulsum wangu,

Naanza na baya, nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha. Nimeiharibu picha yako. Ile moja tu, ambayo sikujua hata kuwa ipo. Nimeifungulia jua la saa saba mchana kwa mikono yangu hii, mimi niliyekuomba miaka kumi na moja nikupige ukanikatalia.

Sasa nivumilie nikueleze taratibu. Nikilitoa lote kwa mkupuo kalamu itanianguka.

Ulipokufa nyumba ilijaa mpaka uani. Nasra wako alifika kutoka Maskati siku ya pili, macho yamevimba, akapita moja kwa moja na viatu vyake mpaka kitandani kwako, kitanda kitupu. Mtambile nzima ilikuja. Hata wale waliokuwa wakikuita Mhindi nyuma ya mgongo walilia kutushinda sisi. Ungecheka. Mhindi gani wewe, uliyekuwa ukinisahihisha Kipemba mimi mtoto wa Wingwi! Wanawake uliowapiga wakiwa maharusi walikuja na wajukuu zao, kila mmoja anasema, "Mimi Bi Kulsum ndiye aliyenipiga picha ya ndani." Wakakuombea. Halafu mmoja akauliza, nani ana picha yake yeye?

Hakuna aliyekuwa nayo. Nasra akapekua kabati, akapekua masanduku, akalimwaga lile bati la biskuti juu ya mkeka. Marehemu mumeo yumo. Nasra mchanga yumo. Hata mbuzi wa Bi Mize jirani yumo, kasimama kama karani. Wewe humo. Kitambulisho chako kina sura, lakini ile sura ya mtu aliyeambiwa asicheke, na wewe nani aliweza kukwambia usicheke? Kila nilipokuomba ulijibu, "Mpigaji hapigwi, mwanangu. Shika kazi." Nikashika kazi. Ona sasa.

Siku tatu kabla ya kuondoka, Nasra aliniita chumbani akaniwekea kamera zako mbili mbele, Mjapani na Mrusi. Akasema, "Riziki, wewe ndiye mwanafunzi wake. Chagua moja. Nyengine nnakwenda nayo, niiweke sebuleni niione kila siku." Hakusema kwa ubaya. Mtoto naye anataka kitu cha mama yake.

Wewe unajua nilimchagua nani. Ulijua toka siku ya kwanza uliponitia Mjapani mkononi nikatabasamu kama mpumbavu. Mjapani ni mwepesi, ana sindano ya kukupimia mwanga, ukimfyatua anasema "tik" basi, mtu wa pembeni hasikii. Ndani yake unaona peupe. Na kidude chake cha kuhesabia picha kina adabu: ukimfungua mgongo kinarudi mwanzo chenyewe, hakikusumbui. Mrusi je? Mzito kama jiwe la kusagia. Jicho lake la kupimia mwanga lilikufa kabla sijazaliwa. Kuvuta mkanda mpaka ukaze meno, kupata mtu sawasawa mpaka ufumbe jicho moja uombe dua, na mlio wake, "kwacha!", bibi harusi anaruka kitandani. Nilikwambia mara ngapi, Bi, huyu Mrusi si wa kuingia naye kwa maharusi? Ukanijibu, "Bora ashtuke. Akishtuka anajua kapigwa. Mimi siibi sura ya mtu."

Nilikuona mkaidi. Leo nalifikiria neno hilo nikila, nikifua, nikisali, Mungu anisamehe.

Maana kazi yetu yote ilisimama hapo. Kule chumba cha ndani, simu zinawekwa kwenye ungo mlangoni na ungo unafunikwa kanga. Bibi harusi kaachia nywele, hina mpaka kiwikoni, na hakuna anayetaka sura hiyo ifike Unguja kabla hina haijakauka. Mwenye kamera ya mkanda ndiye anayepita peke yake. Tunapiga, tunasafisha wenyewe, na negativu zinatiwa mkononi mwa mama wa bibi harusi, ndani ya bahasha, hakibaki kwetu hata kipande. Watu walikuamini kwa hilo. Wakaanza kuniamini mimi kwa sababu nilisimama nyuma yako.

Basi nikasema Mjapani. Nikalisema haraka, hata sikujifanya kufikiri. Nasra akasema sawa. Nami kwa kutaka kuonekana nina shukrani nikasema, ngoja nimsafishe Mrusi, asije akaenda Maskati na vumbi la Mtambile.

Nikakaa uani. Jua kali, kamba za nguo tupu. Nikatazama kidude cha kuhesabia: sifuri. Nikasema huyu mtupu. Nikavuta komeo la ubavuni.

Bi Kulsum, mlikuwa na mkanda.

Umejikunja wote upande wa kulia, unang'ara. Sekunde mbili, labda tatu, nimeganda naukodolea macho. Halafu nikafunga. Nikafunga kwa nguvu mpaka kidole kikabanwa, kana kwamba jua litaona haya litoke lenyewe. Nikatazama mlangoni kama Nasra kaona. Hakuona. Alikuwa ndani anakunja madela yako.

Hodi! Jambo la kwanza ulilonifunza, kabla hujanionesha pa kubonyeza. Ulinishika kidole ukakiweka juu ya kile kifundo cha kushoto, cha kurudishia mkanda, ukasema zungusha polepole, mara tatu. Kikizunguka bure, nyumba tupu, fungua. Kikikaza, mna watu ndani, na nyumba yenye watu haiingiliwi bila hodi. Mwaka mzima hukuniachia nifungue kamera bila kulisema neno lenyewe, hodi, hodi, hodi, kwa sauti, huku wateja wananicheka. Na ukanionya kabisa kwamba kidude cha Mrusi hakirudi mwanzo chenyewe, mpaka ukizungushe kwa kidole, usikiamini. Nilisahau. Mjapani alishanifunza uvivu. Na macho yako mwisho yalikuwa hayaoni namba, ulipotia mkanda ule hukukirudisha, kikaendelea pale kilipokuwa, kikazunguka, kikaja kutua kwenye sifuri pale pale. Balaa likitaka kukupata halikosi njia.

Nikaurudisha mkanda ndani ya kikopo chake, nikakitoa, nikakifunga kwenye kanga nikakitia chini ya nguo zangu. Nikamfuta Mrusi vizuri, na mafuta nikamtia. Nikampa Nasra. Akamkumbatia akalia, akanishukuru. Nami nikashukuriwa, Bi. Nikasimama pale nikapokea asante.

Nilijidanganya kuwa ni mkanda wa zamani tu, labda una kuku na mabati ya watu. Nikajidanganya mpaka arubaini yako.

Siku ya hitima, tukiosha masahani, Bi Mize akaniuliza, "Ile picha ya bibi ilitoka vizuri?" Nikamuuliza picha gani. Akashangaa. Akaniambia wiki ile ya mwisho, mimi nimekwenda Wingwi kumtazama mama, ulimwita. Ulijipiga wanja. Ulivaa ile shela yako ya harusi iliyokuwa inanuka karafuu sandukuni, ukakaa dirishani, ukampa Mrusi, ukamwambia bonyeza hapa, hatokuuma. Bi Mize akabonyeza, mlio ukamshtua nusura amwangushe, nawe ukacheka mpaka ukakohoa. Alisema alikupiga moja, huku unacheka. Kisha ukamwambia, "Hiyo ya Riziki. Nimemtesa sana. Nikifa atamfungua Mrusi, atakuta."

Atamfungua Mrusi! Lahaula! Ulikuwa na hakika kuwa nitapiga hodi. Hukuacha ujumbe, hukuacha karatasi, kwa sababu hukudhani hata siku moja kuwa mwanafunzi wako ataingia kama mwizi. Sahani ilinitoka mkononi. Bi Mize akadhani ni majonzi, akanipiga piga mgongo, masikini, akanambia nisubiri, subira ina malipo. Malipo gani tena?

Kesho yake asubuhi nikajifungia stoo kwako, nikaziba mlango kwa blanketi mbili, nikausafisha mkanda. Saa yako ya ukutani imesimama, nikahesabu dakika kwa tasbihi. Nilikuwa najua. Uliwahi kunieleza kuwa mkanda ukiingiliwa na jua, picha zilizo juu ndizo zinazoungua, na zilizojikunja ndani kabisa, za mwanzo, huenda zikapona. Yako ilikuwa ya mwisho kupigwa. Ilikuwa juu kabisa, imetazama jua uso kwa uso. Lakini mtu hata akijua huomba tu. Niliomba, Bi, vile ambavyo sikuomba hata ulipokuwa unaumwa.

Nikauinua dirishani. Weusi. Weusi tupu toka mwisho mpaka karibu na mwanzo, haimo hata pindo ya shela. Nikaupitisha kidole kama kipofu, labda nitakugusa mahali.

Zimepona nne. Nne za mwanzo, pembeni zimeungua kidogo. Nikazichapa nikiwa sina akili, na unajua zina nani?

Mimi. Mimi nimeinama naosha makopo ya dawa ya kusafishia picha. Mimi nimelala mkekani mchana, mdomo wazi, aibu gani hiyo. Mimi natia kanga kwenye kamba. Na ya nne, mimi nimekaa kizingitini, Mjapani yumo mapajani, namfuta kama mtoto, nimekupa mgongo. Nilikutaka wewe, nimeletewa mgongo wangu.

Na kilichonimaliza ni kwamba nilisikia. Mrusi hafyatuki kimya. Siku zile nilimsikia, "kwacha", nyuma yangu, nikadhani unamnyoosha viungo tu, maana ulikuwa ukimfyatua mtupu kila siku ukisema mashine isiyotumika hushika kutu. Mara moja nilikwambia, tena kwa ukali, "Bi, mlio huo unanipasua kichwa." Sikugeuka. Ulinipigia hodi mara nne na sikuitikia hata moja. Ningegeuka ningekuona. Ningekuona umelishika limashine lile kwa mikono inayotetemeka, unanitazama. Nani alinizuia kugeuka?

Tangu hapo sijapiga. Maharusi watatu wameniita, nimesema naumwa. Ile harusi ya wiki iliyopita hapa hapa Mtambile walichoka kusubiri wakaingiza simu ndani, na ungo ukabaki mlangoni mtupu. Nimesikia picha zimeshazagaa, na mama wa bibi harusi hatoki nje. Hilo nalo langu. Mjapani nimemning'iniza msumarini, mzuri, mwepesi, hana kosa lolote, na siwezi kumtazama. Wanawake wakinisalimia, "Hujambo, mwanafunzi wa Bi Kulsum," natamani ardhi ipasuke. Kuna siku nakaa stoo mpaka adhuhuri sifanyi kitu, nasikia harufu ya dawa tu. Hujui nilivyochoka, Bi wangu. Sijui kama hii ni huzuni au ni haya, na sioni mwisho wake.

Lakini ile picha ya nne nimeitazama sana, na kuna kitu sijakuambia. Pembeni, chini kulia, mna doa kubwa jeupe lililovurugika. Mwanzo nilidhani jua. Si jua. Ni kidole. Kidole chako, Bi Kulsum, kimeingia mbele ya lenzi na hukukiona. Wewe uliyenichania picha nzima mwaka wa kwanza ukanifokea, "Nani kakwambia tunataka kuona kidole chako?" Nilicheka peke yangu, kisha nikalia mpaka Bi Mize akaja kugonga. Basi ndiyo hiyo. Wewe mzima mzima, uliyepiga sura za watu maisha yako yote, umetuachia kidole, na hicho nacho hukukusudia.

Nakuahidi nitamwandikia Nasra. Si kesho kutwa, leo, karatasi nyengine iko hapa chini ya hii. Nitamwambia mama yake alivaa shela akacheka, na nani aliyeiunguza picha hiyo, na kuwa nilipokea asante yake kwa uongo. Nitamtilia picha ya nne ndani ya bahasha. Ina mgongo wangu, atanisamehe, akitaka akate upande huo abaki na kidole. Nitamwomba anirudishie Mrusi amchukue Mjapani. Akikataa, ana haki, na akinilaani pia ana haki. Akikubali, nitarudi kwa maharusi na mlio wake ule ule, washtuke wote, wajue. Siahidi kuwa nitafurahi. Nakuahidi sitofungua tena kitu chochote cha mtu kabla sijauliza kama yumo ndani.

Wewe ulisema mtu hupiga hodi tatu, na asipoitikiwa huondoka taratibu, hasukumi mlango. Nimechelewa, najua. Nisikilize hivyo hivyo.

Hodi, Bi Kulsum.

Hodi.

Hodi.

Haya, naondoka.

Riziki wako